Ng'ambo na mkasi wa sheli

Darasa la sita, ukiandika "ngombe" bila ritifaa, mwalimu wetu alilizungushia neno kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Mnyama gani huyu?" Nilishika. Mpaka leo siandiki ng'ambo bila ritifaa yake, hata kwenye jina la folda. Ritifaa hiyo imeniponza mara moja, aibu ndogo tu. Aibu kubwa ilitoka kwenye nafasi tupu iliyokaa jirani yake.

Mimi hupiga picha za harusi katika studio ya ami yangu, Kibokoni, Mombasa. Kwenye kupamba mwanamume haingii, kwa hivyo kamera ya upande wa wanawake ni yangu, na kompyuta nayo ikaniangukia kwa kuwa hakuna mwengine aliyeitaka. Ami huzipa folda majina vile anavyozungumza. Kazi za kisiwani zilikuwa ndani ya Harusi. Kazi za Likoni na kuendelea, kule unakovuka kwa feri, zilikuwa ndani ya Harusi Ng'ambo. Ukimwomba aweke kistari badala ya nafasi, anakutazama tu.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi hazipumziki, na diski ikajaa. Picha za ng'ambo tulikuwa tushawakabidhi wenyewe. "Futa zile za ng'ambo, mwanangu," ami akaniambia, "tupate pa kuweka za leo." Nilikuwa na skripti fupi (amri zilizoandikwa pamoja, na rm ni ile ya kufuta) niliyoijaribu wiki ile kwenye Mac ya binamu yangu, na kule ilikwenda bila neno:

folda="Harusi Ng'ambo"
rm -r $folda

Kwenye Linux ya studio ikanijibu kwamba hakuna kitu kiitwacho Ng'ambo. Nikadhani nimekosea tahajia. Kufungua dirisha la mafaili, Harusi Ng'ambo ipo palepale, imetulia. Iliyokuwa haipo ni Harusi.

Sheli (si ile ya mafuta wanayoitaja wenzetu wa Tanzania, ni programu inayopokea amri unazoandika) haiusomi mstari wako mara moja ikamaliza. Kwanza inaukata vipande panapoonekana nafasi, na hapo hapo inaziangalia alama za mtajo, ' au ", ulizoandika. Kisha inabadilisha: penye $folda inaweka maneno uliyoyapa jina folda, kwangu mimi Harusi Ng'ambo. Watu wengi, nami nikiwemo, tunadhani kazi imeishia hapo. Haijaisha. Kile kilichotoka kwenye kubadilisha, kama hakikufungwa kwa alama za mtajo, kinapitishwa mkasi mara ya pili. Popote penye nafasi, penye Tab, au penye mwisho wa mstari, kinakatwa. Na kipande chochote chenye kinyota kinageuzwa orodha ya mafaili yanayolingana nacho. Ni kama umempelekea fundi doti ya kanga apinde ncha, ukaikuta imekatwa leso mbili kwa sababu aliona pindo katikati.

Kwa hivyo rm haikupewa folda moja. Ilipewa mbili: Harusi, na Ng'ambo. Ya kwanza ilikuwepo. Ikaifuta, ikaja kunilalamikia ya pili.

Dawa ni herufi mbili:

rm -r "$folda"

Alama mbilimbili za mtajo huiachia alama ya dola ifanye kazi yake, lakini kinachotoka hakiguswi na mkasi wala kinyota. Alama mojamoja ni kali zaidi: ndani yake hakuna kinachobadilishwa, na '$folda' itabaki hivyohivyo, dola na herufi zake. Mkwaju wa kinyume, \, huilinda herufi moja tu inayoufuata.

Sasa ile aibu ndogo. Siku zangu za mwanzo niliandika hivi, kwa echo, amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini:

echo 'Harusi Ng'ambo'

Sheli ikaniletea > halafu kimya. Nikabonyeza Enter, ikaleta > nyengine. Nilibonyeza mara tano sita, nikamwita binamu nikimwambia kompyuta imekufa. Haikufa, ilikuwa inanisubiri. Kwake yeye, ritifaa ya Kiswahili na alama ya kufungia mtajo ni mtu mmoja. Mtajo wangu ulifungwa pale Ng', ambo ikabaki nje, na ile alama ya mwisho ikafungua mtajo mpya ambao sikuufunga. Ukikwama hapo, Ctrl na C.

Na mkwaju wa kinyume haukusaidii ndani ya alama mojamoja, kwa sababu humo hata mkwaju ni herufi kama herufi nyengine. Unalazimika kutoka nje kwanza:

'Harusi Ng'\''ambo'

Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Lakini ihesabu polepole: umefunga mtajo, umeandika ritifaa moja iliyolindwa na mkwaju, umefungua mtajo upya. Ni vipande vitatu, na kwa kuwa hakuna nafasi kati yao vinagandana kuwa neno moja. Mimi huandika "Harusi Ng'ambo" tu kwa alama mbilimbili, yaishe.

Nilirudi kwa binamu na ghadhabu zangu. Mbona kwake ilikubali? Tukatafuta. Apple ilianza kuweka zsh kuwa sheli ya kawaida ya Mac mwaka 2019, na zsh haina huo mkasi wa pili: $folda bila alama za mtajo inabaki kitu kimoja. Linux yetu inatumia sheli ya Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutoka 1989, nayo imefuata tabia ya sheli ya Stephen Bourne iliyokuja na toleo la 7 la Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, mwaka 1979. Yaani folda ya harusi ya Mombasa imeliwa na uamuzi wa kabla sijazaliwa. Naelewa ulikuwa na faida yake, kuweka orodha ya maneno ndani ya jina moja kisha ikatwe yenyewe. Lakini Tom Duff alipoandika sheli yake ya rc, ikatumika kwenye mfumo wa Plan 9, aliacha hayo: jina linashika orodha halisi, na hakuna kinachokatwa upya. Hata ritifaa aliirahisisha, unaiandika mara mbili, 'Ng''ambo', basi. Kwangu mimi huyo ndiye aliyepatia.

Kadi nyingi za kamera zilikuwa hazijafutwa, nikazirudisha picha usiku kucha. Harusi moja tu haikurudi, picha za kupamba. Nilikwenda mwenyewe kwa mama mwenye harusi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, zishakuwa tayari?" Nilimweleza bila kutaja sheli wala Bash. Alinyamaza muda, akanimiminia kahawa, akasema tutaomba zilizo kwenye simu za mashangazi. Mashangazi walikuwa wamepiga sakafu na vidole vyao zaidi ya bi harusi.

Baada ya hapo nilijaribu ujanja wa kuweka alama za mtajo ndani ya jina lenyewe, folda='"Harusi Kisauni"', nikidhani nimejikinga. Haikukinga kitu. Alama zinazotoka kwenye kubadilisha hazina tena nguvu, ni herufi tu, na sheli ikaenda kutafuta vitu viwili, kimoja "Harusi (alama mbele) na kingine Kisauni" (alama nyuma), alama zikiwa ndani ya majina. Kinachohesabika ni alama ulizoziandika wewe kwenye mstari wa amri.

Ni hivyo hivyo kwa kuingiza jibu la amri ndani ya amri nyengine. Chukua date, amri ya kutaja tarehe. Zamani waliandika kwa ile alama iliyoinama ya kushoto, `date`, ambayo kwenye skrini chafu huwezi kuitofautisha na ritifaa. Mimi hutumia $(date), na huifunga, kama hapa ninapotengeneza folda kwa mkdir:

mkdir "Harusi $(date +%F)"

Ndani ya mabano hayo unaanza ukurasa mpya, unaweza kuweka alama mbilimbili nyengine na zisigombane na za nje. Na skripti inayopokea majina kadhaa, ni "$@", yaani majina yote uliyoipa, pamoja na alama zake. $* tupu inakatakata kila jina.

Siku hizi, kabla ya rm, huandika hii kwanza, inionyeshe kila kipande ndani ya mabano yake:

printf '[%s]\n' $folda

Nikiona mabano mawili badala ya moja, najua mkasi umepita. Jana ami ameniletea folda mpya, jina lake Kupamba * Ng'ambo (za mama). Nikamuuliza kinyota cha nini. "Ili nijue ni muhimu," akasema. Nikainakili kwa cp:

cp -r -- "$folda" /media/diski2/

Imepita. Zimo zote mia nne na kumi na mbili, na kinyota chake.