Nilipochambua Safari za Baiskeli za Chicago

Mradi wa kuhitimisha mafunzo yangu ya uchambuzi wa data ulinitaka nitumie kumbukumbu za safari za Divvy, huduma ya baiskeli za kukodi ya jiji la Chicago iliyoanza mwaka 2013, ambazo hutolewa hadharani na yeyote anaweza kuzipakua. Swali lilikuwa la kibiashara: wateja wa kupita, yaani wanaolipia safari moja au pasi ya siku, wanatofautianaje na wanachama waliolipia mwaka mzima, na kampuni ifanye nini ili hao wa kupita wajiunge?

Safari za mwaka mmoja zilizidi milioni 5, ilhali jedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576, kwa hiyo niliunganisha mafaili ya miezi 12 kwa R, lugha ya programu ya kuchambulia data. Kilichonila muda ni usafishaji. Zilikuwemo safari zilizomalizika kabla hazijaanza! Nilipozikagua moja moja niliona kundi la usiku ule wa Novemba ambao saa za Marekani hurudishwa nyuma: mtu alichukua baiskeli saa 7:55 usiku, akaendesha dakika 10, na mfumo ukaandika kwamba ameirejesha saa 7:05. Nyingine zilidumu zaidi ya siku nzima. Hizo zilitosha kuuvuta juu wastani wa muda wa wateja wa kupita, ndiyo maana nilitumia namba ya kati, yaani ile inayoangukia katikati safari zikipangwa kuanzia fupi hadi ndefu, ingawa wenzangu waliupenda wastani kwa kuwa ulitoa pengo la kupendeza kwenye chati.

Sura ya jumla ilijitokeza bila shida. Siku za kazi safari za wanachama zilipanda asubuhi mnamo saa 2 na jioni mnamo saa 11. Wateja wa kupita walijaa wikendi na majira ya joto, hasa katika kituo cha Streeter Drive na Grand Avenue, karibu na Navy Pier, gati linalopendwa na watalii kando ya Ziwa Michigan. Siku ya kuwasilisha, karibu kila aliyenitangulia alipendekeza matangazo yabandikwe hapo.

Mimi sikukubaliana nao, na nilisema hivyo. Katika data ile kila mstari ni safari, si mtu. Hakuna alama ya kumtambulisha mwendeshaji, hivyo safari 10 kutoka kituo kile huenda ni za mkazi mmoja au za watalii 10 ambao kesho hawapo mjini. Mkufunzi akanikatiza: "Sasa kama humjui mteja, utamshauri nini mwenye biashara?"

"Mwalimu, nitamwonyesha safari za wateja wa kupita zinazofanana na za wanachama," nilimjibu, nikafungua ramani niliyoichora kwa safari zao za asubuhi za siku za kazi tu, katika miezi ya baridi, zilizoanzia kituo kimoja na kuishia kingine. Kila kituo kilikuwa na duara ambalo ukubwa wake ulionyesha wingi wa safari; duara la Streeter Drive, ambalo kwenye ramani za wenzangu lilifunika majirani zake, lilinywea kabisa. Nilipendekeza ofa ya uanachama ipelekwe kwanza kwenye baadhi ya vituo vilivyobaki na duara kubwa, vingine viachwe bila ofa, kisha kampuni ilinganishe idadi ya waliojiunga kwa kutumia kumbukumbu zake za malipo, ambazo sisi wa nje hatuzioni. Uanachama nafuu wa majira ya joto, uliowavutia wengi darasani, niliupinga, kwa sababu mwanachama wa mwaka mzima asiyeendesha wakati wa theluji angehamia huko mara moja na kampuni ingepoteza fedha ambazo tayari inazipata.

Mkufunzi hakusema kama nimemridhisha. Aliniagiza niongeze ukurasa wa mambo ambayo data ile haiwezi kuyajibu, na niuweke kabla ya mapendekezo.