Kidia ya kuzaliwa au ya kuolewa?

Nimefua, nimepika, nimepiga pasi sare za Elia, na bado swali la yule kijana aliyetuongoza safarini linanizunguka kichwani. Ngoja niliandike, labda litapoa.

Ni hivi. Kikoba chetu kilipitisha kwamba faida ya mwaka huu isiishie kwenye vitenge. Mama Happy, mwenyekiti wetu, alisimama akasema wazungu wanapanda ndege kuja kuangalia kwetu, na sisi tunaishia Kiboriloni kuchambua mitumba, hatujui hata kilichopo juu ya lile soko. Hoja ikapita bila mjadala, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tukakodi Kosta, tukatafuta mwongoza watalii, kila mama aje na mtoto mmoja. Neema yuko chuo, kwa hiyo nikaenda na Elia, ambaye alikubali kwa masharti ya soda na siti ya dirishani.

Niseme tu kwamba ndani ya wiki hii shemeji amefunga ndoa, wakaguzi wa dawa wamekuja dukani bila taarifa, na Baba Elia amerudi kutoka Tanga gari likivutwa. Yote hayo yamepita. Swali ndilo limebaki.

Kituo cha kwanza kilikuwa Old Moshi, kwenye mti wa Mangi Meli, mangi maana yake chifu wa Wachaga. Kabla ya kuanza kusimulia kijana akatupanga. "Wenyeji wa huku juu, sogeeni hapa kwenye mti. Wageni wetu, simameni pale upande wa njia." Ni namna yake ya kuchangamsha watu, nadhani, na pia anataka wenyeji wamsaidie kusimulia. Mimi nikaenda kwenye mti. Sikufikiri hata mara moja. Mama mkwe yuko Kidia, si mbali na pale. Elia amebatizwa Kidia. Ile migomba ya nyuma ya jiko nimeipanda mimi kwa mikono yangu, mnaijua, niliwahi kuiandika hapa ilipoangushwa na upepo.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Kidia."

Akanitazama, akatabasamu. Lafudhi ilikuwa imeshanichongea.

"Kidia ya kuzaliwa au Kidia ya kuolewa?"

"Ya kuolewa."

"Aaa! Basi karibu sana, mgeni wetu." Akaninyooshea mkono kuelekea njiani, kwa heshima zote, kama mzee wa kanisa anayekuonyesha benchi la nyuma.

Kicheko. Mama Happy alicheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka, nikahama. Ila Elia hakuhama. Kijana alimgusa bega, "Wewe baki hapa, bwana mdogo, huu ni mti wa babu zako," naye akabaki, mikono mfukoni, kidevu juu, anajiona Mangi kabisa. Mimi huku njiani na Mama Zuhura wa Kondoa na Mama Kelvin wa Singida, mwanangu kule chini ya mti.

Kidia ya kuzaliwa au ya kuolewa. Nimeirudia kwa sauti ya dharau, nimeirudia kwa sauti ya utani, na haikai vizuri kwenye hata moja. Utani naujua. Mimi Mpare niliyeolewa Uchagani. Nimetaniwa kuhusu kesi na ubahili tangu siku ya posa, na nimerudisha bila huruma. Lakini mtu akikutania anakuachia mahali pa kujibia. Huyu alikuwa ameshanipa jibu mkononi, mimi nikamrudishia vile vile alivyolitaka: "Ya kuolewa." Kwa utiifu kabisa! Mimi, ambaye mkaguzi wa dawa ananiogopa.

Sasa simnyimi haki yake, kazi anaijua. Alisimulia jinsi Meli alivyorithi kiti kwa baba yake, Mangi Rindi, akiwa bado kijana mdogo, na jinsi mwaka 1892 vijana wa Old Moshi walivyowapiga Wajerumani, kamanda wao, von Bülow, akafia huku huku mlimani. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli kwenye mti ule pamoja na viongozi wengine, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Watu kumi na tisa kwa siku moja. Inasimuliwa kwamba Meli alikaa kwenye kamba saa nyingi kabla ya kukata roho, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 huko Berlin walitangaza majibu ya vipimo vya vinasaba, mafuvu machache yakapata ndugu zao huku Kilimanjaro, mojawapo la mtu aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Hapo Mama Zuhura akauliza swali ambalo ni yeye tu angeweza kuliuliza: "Kwa hiyo wakikipata kichwa, watakizika wapi?"

Kijana akamshangaa. "Kwao, mama. Mtu anazikwa kwao."

Upande wa mti wote wakaitikia kwa vichwa. Elia naye.

Sikusikia tena vizuri kilichofuata. Kuna picha za pale kwenye simu ya Mama Happy, kwenye zote nimekunja uso na kila mtu anadhani ni jua.

Jibu lilinijia Himo. Kosta imesimama, watu wananunua ndizi mbivu dirishani, mtoto wa Mama Kelvin anataka kutapika, ndipo likaja lote zima: *Kidia ya kuzikwa.* Hilo ndilo nililotakiwa kusema. Kijana, mimi ni wa Kidia ya kuzikwa. Siku tulipomzika baba mkwe, wazee walipima pembeni yake nafasi ya mama, na Baba Elia, akiwa bado ana udongo kwenye viatu, akanionyesha sehemu iliyo karibu na mti wa mringaringa akasema ile itakuwa yetu. Tena hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayepanga pa kuweka kabati. Ugweno, kwetu Upareni, sitarudishwa hata maiti. Kaka zangu wanajua, mama yangu alijua siku aliyonifunga khanga. Dada zake Baba Elia, waliozaliwa pale na ambao wangeachwa kwenye mti bila kuulizwa, mmoja atazikwa Machame na mwingine Rombo. Sasa nani mgeni?

Jibu zuri namna hiyo, na mwenye kuambiwa amekaa siti ya mbele anabishana na dereva kuhusu mpira.

Marangu tulianzia kwenye mahandaki, na hapo siku ikageuka. Mnaosoma hapa mnajua umbo langu, sina haja ya kulieleza. Wachaga walichimba mapango yale chini ya ardhi kujificha wakati wa mapigano, walipovamiwa na Wamasai au na Mangi wa jirani, wakaingia na watoto, chakula na hata mifugo. Mlango ni mdogo makusudi. Adui lazima aingie ameinama, kichwa kikitangulia, na ndani kuna mlinzi anamngoja na rungu. Ni hesabu rahisi sana. Unatambaa, ukuta wa udongo unakukwangua mabega, unyevu unapanda magotini, na mbele yako huoni kitu ila soli za viatu vya Mama Happy. Halafu soli zikasimama.

"Mwenyekiti, sogea."

"Siwezi."

"Pumua nje."

"Nimeshapumua!"

Kutoka mbele, gizani, sauti ya kijana: "Mama Kidia, hebu msukume mwenzio taratibu."

Mama Kidia! Ndivyo alivyoniita, na aliniita hivyo mpaka jioni. Nilitaka kukasirika, lakini huwezi kukasirika ukiwa umepiga magoti na mabega yako mawili yako chini ya makalio ya mwenyekiti wa kikoba, nyuma yako kuna mama wengine wanacheka mpaka udongo unadondoka. Tulimtoa. Kitenge chake kipya kikawa rangi ya pango. Akasema Wamasai wasingetupata kamwe, maana yeye angekuwa mlango.

Baada ya mtori (mtamu, ila nyama waliihesabu) tukaenda kuangalia nyumba ya msonge na vyombo vya zamani: kata za mbege, mikuki, ngao, mvukuto wa ngozi wa wahunzi. Kijana akaeleza kazi ya wahunzi wa Mamba, kwamba mpaka leo kuna familia zinafua chuma, halafu akasema chuma chenyewe zamani kilikuwa kinaletwa kutoka Upare, kwa wayeyushaji wa Ugweno. Mimi nimekulia Ugweno! Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Washana, ukoo wa wahunzi wenyewe, waliotawala Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapokonya. Hadithi hiyo tulilishwa na uji. Elia, ambaye naye amelishwa hadithi hiyo kila likizo, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mama, kumbe hii mikuki ni ya kwenu!"

Ya kwenu. Haya.

Nikasema, na safari hii sikungoja kufika Himo: "Sawa. Chuma ni chetu, mkakifanya mikuki, mkaja kutuvamia nayo na ng'ombe mkachukua. Hilo deni nani analipa?"

"Mpare huyo!" Mama Happy akapiga kofi. "Anafungua kesi!"

Kijana hakukosa. Alishika mkuki mmoja, akauinamisha chini kwa adabu, akasema: "Mama Kidia, deni lilishalipwa. Si tulipeleka mahari?"

Nimecheka pale mpaka machozi. Ni jibu baya, Baba Elia mwenyewe anajua mahari ilipelekwa nusu na mbuzi mmoja alikuwa mgonjwa. Lakini lilikuwa jibu la utani kweli, nikalipokea, nikamwambia nitamletea risiti. Basi. Uzito wa asubuhi ukashuka, nikanunua hata kahawa ambayo sikuipangia bajeti.

Kilema tulipita na mvua. Watu walibaki ndani ya Kosta na kijana akasimulia amesimama mlangoni, kuhusu Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika kwa Mangi Masaki mwaka 1848, akauona mlima una theluji, akaandika, na wasomi wa London wakambishia kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Walikuwa hawajafika, ila walijua. Na kahawa ya mlima huu chanzo chake wanakiweka pale pale Kilema, kwa mapadri waliokuja miaka ya 1890. Nusu ya kikoba walikuwa wamelala. Elia alikuwa amelala begani kwangu na udenda juu, mwenyeji wangu huyo.

Nilidhani yameisha. Jumapili usiku nikagundua hayajaisha, nikampigia mama mkwe kwa kisingizio cha kuulizia maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Elia. Mlifika salama?"

Nikamsimulia. Mti, njia, swali. Sikumwambia jibu langu la Himo, maana kumtajia mama wa umri ule mambo ya kuzikwa usiku si adabu. Akanyamaza kidogo, nikafikiri salio limekatika.

"Sasa kinachokuuma ni nini?" akaniuliza. "Mimi nimeletwa hapa kutoka Uru nikiwa binti. Nimezaa wote hapa, nimemzika baba yenu hapa. Juzi kwenye msiba walikuwa wanagawa kazi, nikasikia, 'Mwiteni yule wa Uru aje aonje chumvi.'"

"Na wewe ukafanyaje, mama?"

"Nikaenda nikaonja. Haikutosha."

Halafu akanieleza habari za kunguru wanaokula vifaranga, na kwamba nije na mbolea ya dukani Jumamosi, ile ya mfuko mdogo, siyo ile niliyoleta mara ya mwisho.

Sijui kama limepoa. Bado naisikia ile "Aaa!" yake. Mama Happy anasema kikoba kimwite tena kijana yule mwakani twende Engaruka, na mimi nimepiga kura ya ndiyo, kwa hiyo jumlisheni wenyewe.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni friji ya dawa pale dukani. Jana jioni wakati wa kufunga kipimajoto kilisoma 9, na insulini inatakiwa ikae kati ya 2 na 8. Bosi anasema ni kwa sababu tunafungua mlango mara nyingi. Mimi nimeisikia injini yake inavyokoroma, inazima, inakaa, inawaka tena kwa kishindo, na umeme wa wiki hii mnaujua wenyewe. Wapo wagonjwa wetu wawili wanakuja kuchukua kila mwezi siku ya Jumatatu, mmoja ni mtoto wa umri wa Elia. Kesho nitatangulia kufika kabla ya yule binti wa zamu, na kama bado iko 9 simpi mtu kitu humo ndani, bosi aseme atakachosema.