Nilivyosubu upya kifuniko cha themostati cha Datsun 160J

Datsun 160J ndilo gari lililompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mwaka 1979 na 1980. Langu la mashindano lilikuwa limelala kwa sababu ya kipande kimoja: kifuniko cha themostati (kifaa kinachodhibiti maji ya kupoza injini), aluminiamu iliyoliwa na kutu pale mpira wa rejeta unapofungwa.

Ili kusubu, yaani kumimina aluminiamu iliyoyeyuka kwenye kalibu, nilichonga mfano wa mbao wa kutengenezea kalibu hiyo, mkubwa kwa takriban asilimia 1.3 maana aluminiamu hunywea ikipoa. Tundu la ndani nililipata kwa kiini cha mchanga na molasi, kilichookwa kikakauka.

Vifuniko viwili vya kwanza nilivyosubu vilivuja. Niliziba midomo, nikapuliza upepo kifuniko kikiwa ndani ya beseni la maji: vipovu vidogo vikatoka ubavuni kabisa, kwenye chuma chenyewe. Chanzo kilikuwa unyevu na grisi, vinavyoachia haidrojeni ndani ya aluminiamu iliyoyeyuka. Tena nilikuwa nayeyusha makopo ya soda, na hayafai kusubu.

Mara ya tatu nikatumia pistoni kuukuu, zenye silikoni inayoifanya aluminiamu itiririke vizuri. Nikazisafisha, nikazipasha moto zikauke, nikamimina bila kukatisha. Nikasawazisha uso kwa tupa.

Kwenye beseni, hakuna kipovu hata kimoja.