Jino la baba

Jumanne, usiku.

Karatasi ya maabara iko mezani, imekunjwa mara nne, maana nilipotoka zahanati niliitia mfuko wa shati kama risiti ya petroli. Lehemu, yaani kolestero, kwa jumla 6.4. Mafuta mabaya, yale wanayoandika LDL, 4.3. Mazuri, HDL, 0.9. Daktari kazizungushia zote kalamu nyekundu.

"Mimi?" nilimwuliza. Nina kilo 61, mkanda naukaza tundu la mwisho, na kazini jina langu ni Njiti. Nilikwenda kupima presha tu, na presha yenyewe ilikuwa safi.

Akacheka kidogo. Wembamba si kinga, akasema. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini lenyewe, na mwili unaihitaji kujengea seli na homoni, hata ile ya kiume. Ikizidi kwenye damu ndipo inapopenya kwenye kuta za mishipa na kujikusanya taratibu, miaka ishirini, thelathini, na wewe huumwi popote. Sisi wanaume tunatangulia wanawake kuugua moyo kwa kama miaka kumi hivi.

Nyumbani mke wangu akanyanyua dumu la mafuta ya kupikia. "Mbona hapa wameandika hayana kolestero?"

Kweli hayana. Mafuta ya mimea yote hayana ya kuhesabika, hata nazi. Ni sawa na kuandika kwenye chupa ya maji kwamba hayana mifupa. Kinachopandisha lehemu zaidi ni mafuta yanayoganda: ya nyama, samli, na (inaniuma kuandika, mtoto wa Tanga mimi) tui. Yakizidi, ini hupunguza ile milango linayotumia kuvuta mafuta mabaya kutoka kwenye damu. Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, walipewa Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya milango hiyo. Basi wali wa nazi utakuwa wa Ijumaa. Sigara nimezitupa leo hii, zikiwa zimebaki nne kwenye paketi. Vidonge naanza usiku huu.

Lakini si hayo yanayoninyima usingizi.

"Baba yupo?" daktari aliuliza. Alishafariki. "Akiwa na miaka mingapi?" Nikahesabu kwa vidole: 51. Kalamu ikasimama. Baba au ndugu wa kiume akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, akasema, na wewe unahesabiwa kuwa hatarini. Alikufa na nini? Tangu nikiwa darasa la sita nyumbani jibu lilikuwa moja, alirushiwa kitu. Mbele ya koti jeupe nikasema tu, "Ghafla."

Jioni nikampigia shangazi, Pangani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Nikamwomba anisimulie ile wiki ya mwisho. Alianza bila kusita, kana kwamba ni juzi. Baba alikuwa analalamika jino. Taya la kushoto, linavuta mpaka begani. Akiendesha baiskeli linauma, akishuka akapumzika linatulia. Wakamsukutulisha maji ya chumvi na karafuu, wapi. Alhamisi akaenda kung'oa. Jumamosi alfajiri, anatia udhu, akaanguka pale pale kwenye kata ya maji.

Nikamweleza nilichoambiwa mchana: moyo ukikosa damu ya kutosha si lazima uume kifuani. Unaweza kuuma mkononi, mgongoni, hata tayani, na maumivu yanayokuja na kazi na kuondoka na pumziko ndiyo ya kuogopa. Nikamwambia na baba mdogo apime, yule anayejisifia kucheza mpira kila Jumapili.

Kimya. Nikasikia kuku wake, na mtu anapita na redio.

"Lile jino," akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyelifunga kwenye leso. Lilikuwa zima, mwanangu. Jeupe. Halina hata kitundu."