Siku Moja Maishani Mwangu: Msimamizi wa Programu Huria

Saa mbili asubuhi nafungua orodha ya michango iliyoingia usiku: mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ambayo mtu yeyote anaweza kututumia kwa kuwa programu yetu ni huria. Kabla sijasoma mstari wowote, mitambo imekwisha kufanya sehemu yake: imeunda programu upya, imeendesha majaribio yote na kukagua mpangilio wa msimbo. Mchango ulioangukia hapo naurudisha kwa mwenyewe pamoja na maelekezo mafupi.

Saa tatu naanza na mchango mdogo, kwa kuwa mdogo husomeka wote. Programu ilikuwa ikikubali tarehe 29 Februari hata katika mwaka usio mrefu; mchangiaji amerekebisha kasoro hiyo na kuambatisha jaribio. Nayaondoa marekebisho yake kwenye kompyuta yangu, nalibakiza jaribio peke yake, kisha naliendesha. Linapita! Jaribio linalopita hata marekebisho yasipokuwepo halithibitishi chochote. Kumbe ametumia mwaka 2024, ambao tarehe hiyo ni halali. Namwomba aongeze 2023, ambao lazima ukataliwe.

Saa tano nakutana na mchango unaogusa faili nyingi, uliochanganya kipengele kipya na usafishaji wa msimbo wa zamani. Naomba ugawanywe. Wapo wanaoniona msumbufu, lakini ugumu wa kazi hii ni kuona kisichoandikwa: hitilafu ya usalama iitwayo Heartbleed ilitokana na kukosekana kwa ukaguzi wa urefu wa data katika mchango uliopitiwa na kupokelewa kwenye OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, mwishoni mwa 2011, nayo ikaja kugunduliwa 2014.

Baada ya chakula cha mchana nahakikisha kila mchangiaji ametia saini ya kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo, utaratibu ambao mradi wa mfumo endeshi wa Linux uliuanzisha 2004.

Saa tisa yule wa tarehe amerejea. Sasa jaribio linaanguka bila marekebisho na kupita yakiwepo. Mhakiki wa pili anaridhia, nami nauunganisha mchango kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi, jina la mwenyewe likibaki katika kumbukumbu za mradi.

Saa kumi na moja nakataa mchango ulioandikwa vizuri kabisa. Unatatua shida ya watumiaji wachache mno, ilhali mzigo wa kuutunza, mwandishi wake akishaondoka, utatuangukia sisi. Namweleza sababu hiyo waziwazi na kumshauri autoe kama kiongezo kinachojitegemea, ambacho nitakitaja katika nyaraka zetu.