Kwikwi ya lidi skrubu

Jana usiku binti yangu alikuwa anahangaika na kifuniko cha kopo la siagi ya karanga, akaacha katikati akaniuliza, baba, skrubu si zinachongwa na mashine, na mashine yenyewe ina skrubu ndani, sasa ile ya kwanza ilichongwa na nini? Nikamwambia kalale. Akalala, mimi ndo nikabaki macho, maana swali hilohilo niliwahi kumuuliza Mzee, fundi wa karakana yetu pale Njoro, Moshi, mikono imejaa grisi nyeusi mpaka viwikoni, na yeye pia hakunijibu.

Tulikuwa na leithi, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakichonga. Lidi skrubu yake, ile skrubu ndefu inayosogeza kisu, ilikuwa imeliwa upande wa chaki, yaani kile kichwa kinachobana chuma, kwa sababu kazi karibu zote zinafanyikia hapo, huku mwisho bado inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Ukichonga bolti fupi huoni shida, ila chonga shafti ndefu ya nyuzi uivalishe nati ndefu, inaingia vizuri halafu inakwama, pichi imehama, yaani nafasi kati ya uzi na uzi. Wateja wakaanza kurudisha kazi. Mzee akasema tunachonga lidi skrubu mpya, tukaenda kuichongea kwenye leithi kubwa ya jirani, ambayo nayo ilikuwa hoi. Yaani ni kama kuibia mtihani kwa aliyefeli! Nikamwambia hivyo, akacheka tu.

Kumbe alikuwa na mpango wake. Alichonga nati ya shaba, ndefu kupita shubiri, akaipasua kwa urefu ikawa vipande viwili vyenye bolti za kubana. Tukapaka ile pesti ya kusagia valvu iliyolainishwa na oili, tukaizungushia skrubu, mashine inazunguka taratibu na mimi nimeishika nati kwa mikono miwili inatembea mpaka mwisho, tunageuza mzunguko, inarudi. Chembe za pesti zinazama kwenye shaba maana ni laini, zinang'ang'ania humo zinakwangua chuma. Kila baada ya safari kadhaa tunaifungua tunaigeuza, kichwa kinakuwa mkia. Nati fupi, aliniambia, inafuata kosa kokote linakoenda, ila ndefu inashika nyuzi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo ule uzi uliojitokeza peke yake ndo unasuguliwa kwanza. Hizo kazi tulizifanya usiku, jirani akishafunga.

Usiku wa tatu Mzee akazima taa. Nikadhani umeme umekatika, ila mota ilikuwa bado inanguruma. "Sikiliza kwa mikono, bwana mdogo." Aisee, mpaka leo nikinusa oili iliyochanganyika na pesti viganja vinawasha. Gizani nati ilikuwa inavuta mikono yangu kwenda kushoto, nzito, nzito, halafu inalegea kidogo, halafu inakuwa nzito tena, na karibu na theluthi ya mwisho ikashtuka. Kitu kidogo sana, kama mtu mwenye kwikwi anayejizuia kanisani. Mzee akauliza kutoka upande wa pili, umeisikia? Nikasema ndiyo. Akasema basi kaa naye hapohapo, usimkimbilie. Alisema naye, kama vile skrubu ni mgonjwa. Nikakaa naye, mbele kidogo nyuma kidogo, mpaka sikujua tena ni skrubu inayotetemeka au ni mimi.

Kesho yake niliiacha mlangoni juani, mchana nikaja kuilinganisha na fimbo ya kupimia iliyokuwa kabatini, nikaona imezidi, nikaanza kupiga kelele kwamba tumeharibu. Mzee akaifunika magunia mabichi akaenda kunywa chai. Chuma cha mita moja kikipanda joto nyuzijoto kumi za Selsiasi kinarefuka kama unene wa karatasi, hilo sikulijua, nilijua siku hiyo.

Ile kwikwi haikuisha yote. Mzee alisema tukiendelea kuitafuta tutaimaliza skrubu nzima, tukaifunga hivyohivyo, na wateja wakaacha kurudisha kazi. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi au alikuwa amechoka tu. Mimi nilikuwa nimechoka, sikubisha.

Baadaye sana nikaja kusoma habari za Henry Maudslay wa London, miaka ya 1800 hivi, naye alihangaika na hayahaya, skrubu yake moja ya futi tano ilivalishwa nati ya inchi 12 yenye nyuzi 600. Nyuzi za mwanzo kabisa alizipata kwa kuinamisha kisu kwenye gogo la mviringo, kisu kinakata huku kinajivuta chenyewe.

Asubuhi wakati binti anavaa viatu nikampa hilo jibu, nimelipanga vizuri kabisa. Akafikiri kidogo. Halafu akauliza, na pembe ya kile kisu aliipimaje?

Nikamwambia utachelewa shule.