Siku tuliyovunja mfupa maabara

Nikiwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, mhadhiri wangu alinipa kazi ya kumsaidia katika utafiti wake wa kulinganisha zege na mfupa: jinsi vinavyopinda na vinavyovunjika. Zege halikunisumbua. Tulilimwaga kwenye maboksi, likalala majini siku 28. Mifupa ndiyo iliyonipeleka machinjioni Vingunguti alfajiri, nikarudi na daladala nimepakata ndoo ya mapaja ya ng'ombe yaliyofunikwa barafu.

Mzee wa maabara aliyapasua vipande vyembamba kwa msumeno, mimi nikimwagia maji, kwa sababu mfupa ukipata moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua na hapo umeshaharibika. Kisha akavizamisha kwenye maji ya chumvi.

"Mwanangu, mfupa mkavu unadanganya," aliniambia. Ukikauka unakakamaa na kukatika ghafla, tofauti kabisa na ulio mwilini.

Tulianza na boriti ya zege isiyo na nondo. Mashine ikakandamiza katikati, mshale ukapanda taratibu, mara paa! Vipande viwili, bila ufa wa kututahadharisha. Zege la kawaida hubeba kama niutoni 25 (kipimo cha nguvu) kwa kila milimita ya mraba likikandamizwa. Likivutwa, hubaki na kama sehemu ya kumi tu. Nilikumbuka ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, nikanyamaza.

Mfupa ulipinda. Nikasikia mlio mdogo, kisha mwingine, na mzigo bado unapanda. Ulipokubali kuvunjika nilikiweka kipande chini ya lenzi: pamechanikachanika kama muwa uliovunjiwa gotini. Ndani ya madini ya kalsiamu zimefumwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, nyembamba mno kuonekana kwa macho, nazo ndizo nondo zake. Ulowekeni mfupa kwenye siki mpaka madini yaishe, mtaupinda kwa vidole. Uchomeni nyuzi ziungue, utasagika mkononi.

Jioni hiyohiyo nilimpigia kaka yangu, aliyekuwa anajenga Chanika na kesho yake anamwaga lenta. Nikamuuliza nondo za juu ya milango fundi amezilaza wapi.

"Katikati," akasema.

"Kaka, lenta ikilemewa juu, upande wa chini ndio unaovutwa; nondo zikae huko. Mwambie asimwage, nakuja asubuhi."